Ziada ya Mshono

"Mimi sijasema mnafuga jini. Nimesema mnafuga kitu. Jini umemtaja wewe mwenyewe, dada yangu, na kinywa hakitoi kisichokuwamo."

Mama Redio aliyasema hayo ameshika kiuno pale bombani, ndoo yake imejaa mpaka inafurika, na hakuna aliyethubutu kumwambia afunge maji. Wanawake watatu waliokuwa kwenye foleni walinyamaza ule unyamavu wa watu wanaoomba vita viendelee.

"Nani kakwambia tunafuga?" mke wa fundi cherehani aliuliza. Beseni lake lilikuwa limefunikwa kitambaa. Tangu mwezi uliopita hakuwa akipita uani na kitu ambacho hakijafunikwa.

"Ukuta umeniambia. Kwani ule unauita ukuta? Ule ni ubao umepakwa chokaa. Mumeo akipiga chafya, mimi namwambia afya. Basi kila siku saa nne asubuhi, na tena saa kumi jioni, namsikia mwanamke humo ndani. Si wewe, sauti yako naijua, unabana pua. Huyo anasema polepole kama anayembembeleza mtoto. 'Lioshe kwa maji ya uvuguvugu. Likaushe, usilisugue. Likiwa jekundu na lenye unyevunyevu, ni zima. Likitoa sauti, usishtuke.' Sasa nikuulize mbele ya mashahidi hawa: ni kitu gani chekundu, kina unyevu, kinatoa sauti, kinaogeshwa, na nje hakitoki?"

Mmoja wa mashahidi alivuta ndoo yake nyuma kidogo.

"Ni redio," mke wa fundi alisema.

"Redio ni mimi. Hiyo nyingine mmeipata wapi?"

Watu walicheka, hata mke wa fundi mdomo ulimcheza. Kicheko kilikuwa bado hakijatua wakati sauti ilipotoka chumbani kwake, kupitia mlango uliokuwa wazi nusu. Ilikuwa ya upole na haikuwa na haraka.

"Habari ya asubuhi. Je, umelitazama leo?"

Sauti ikangoja, kama mtu anayengoja. Halafu ikauliza tena, neno kwa neno, kwa pumzi ile ile.

Mke wa fundi aliacha zamu yake ya maji, akaingia ndani, na komeo likasikika. Bomba liliendelea kumwaga, na ni Mama Redio mwenyewe aliyekuja kulifunga baadaye, kwa vidole viwili, kama linaweza kumng'ata.

Kitu chenyewe kilikuwa tumboni mwa fundi, upande wa kushoto, chini ya kitovu. Wiki tano zilizopita madaktari walimkata kipande cha utumbo kilichoziba kwa uvimbe, wakatoa ncha ya utumbo uliobaki nje kupitia kwenye ngozi, wakaishona hapo. Choo chake sasa kilitokea kwenye tundu hilo na kuingia katika kifuko cha plastiki kilichobandikwa tumboni kwa gundi. Siku ya kuruhusiwa, nesi wa wodi aliweka programu kwenye simu yao. Ilikuwa na masomo ya mgonjwa kujihudumia mwenyewe, kwa sauti ya huyo nesi, na mahali pa kutuma picha ili nesi aone nyumbani mambo yanakwendaje.

"Mimi nitakuwa humu," nesi alisema, akigonga kioo cha simu kwa ukucha.

Alisema kwa utani. Fundi hakucheka.

Na kulitazama, hakulitazama. Kila mkewe alipobadilisha kifuko, fundi alilala chali, akajifunika uso kwa kitambaa cha bitana, mikono kando, na ungeingia wakati ule ungetafuta wa kumpa pole.

"Fanya haraka," alikuwa akisema chini ya kitambaa. "Kabla halijaamka."

"Halilali, baba watoto. Na haliamki. Ni utumbo wako."

"Utumbo wangu uko ndani. Hilo ni lingine."

Mkewe alichukua karatasi ngumu iliyokuwa imetundikwa msumarini, pamoja na karatasi nyingine za mikato ya makoti na suruali. Hiyo aliikata fundi mwenyewe, akiwa bado kitandani hospitali. Nesi alimpima tundu, akamtajia kipimo, na fundi akaomba mkasi, akatengeneza mkato kama anavyotengeneza mkato wa kitu chochote. Alichora duara la kipimo, kisha akaongeza nusu kidole kuzunguka. Hiyo ndiyo ziada ya mshono. Wanagenzi wote waliopita mikononi mwake walilisikia neno lake: fundi asiyeacha ziada anashona nguo ya siku moja. Hivyo mkewe alilaza mkato juu ya sehemu ya kunata ya kifuko kipya, akachora, akakata. Miaka ishirini na mbili amekata kwa mikato ya mumewe, na hajawahi kuuliza.

Kilichobaki wazi kati ya tundu na gundi kilikuwa ngozi. Uchafu ulikaa hapo mchana kutwa, ukaichoma kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, na gundi ikabanduka kabla ya jua kuzama. Mashuka yalifuliwa, yakafuliwa tena.

"Sista anasema kwenye somo la nne lipimwe kila wiki," mkewe alisema siku moja. "Anasema linapungua."

"Yeye anashona?"

"Hashoni."

"Basi. Mimi nimepima watu miaka thelathini. Siwezi kufundishwa kukata tundu na simu."

Saa kumi simu ilidai picha. Fundi alikuwa ameapa kwamba tumbo lake halitapigwa picha kama mzoga wa ajalini. Mkewe aliituma ile aliyoipiga nesi siku ya kwanza, ngozi ikiwa bado nzima. Alivyofanya jana ndivyo alivyofanya leo.

"Asante, picha imefika," sauti ilisema. "Ngozi inapendeza. Endelea hivyo hivyo."

Mke wa fundi alikuwa ameshika pamba yenye damu. Hakuinua macho.

Mwalimu wa shule ya jirani alikuja kuulizia gauni lake siku ya Jumatatu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mkoba magotini, akasifia kwamba fundi amepungua mwili na kupungua kumempendeza. Nyuma ya fundi nguo za watu zilining'inia bila watu, na kando ya cherehani lilisimama sanamu la kupimia nguo, lisilo na kichwa wala mikono.

"Gauni limebaki kushonwa tu," fundi alisema. "Ijumaa unavaa."

Ndipo lile la tumboni lilipozungumza. Ulikuwa mlio mrefu, wa taratibu, unaopanda na kushuka, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Mwalimu aligeuka akatazama mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Akalitazama sanamu.

"Paka," fundi alisema.

"Ahaa."

Halafu harufu ikafika. Mwalimu ni mtu mwenye malezi. Hakuziba pua wala hakukunja uso. Alifungua mkoba, akatafuta leso, akajifuta jasho ambalo halikuwapo, na leso ikakaa pale pale juu ya mdomo.

"Unajua, fundi, nimekumbuka. Wifi yangu naye amenunua cherehani. Nipe tu hicho kitambaa kilivyo, atamalizia."

"Kimeshakatwa, mwalimu. Kila fundi na mkono wake."

"Atajua la kufanya."

Alikikunja kitambaa chake, chenye pini bado, akaondoka kwa mwendo wa heshima mpaka kwenye kona, na kutoka hapo, anasema Mama Redio aliyekuwa dirishani, alikimbia.

Mchana huo fundi alisukuma sahani.

"Nimepata dawa," alimwambia mkewe. "Nikifunga bomba juu, chini hakitatoka kitu."

"Utakufa."

"Nitakufa nikinukia."

Mkewe alimbembeleza kwa uji, akamtisha kwa kaka zake, akalia, akanyamaza. Jumanne fundi alikunywa maji tu. Jumatano alikunywa maji nusu kikombe. Na lile tundu liliendelea kulia, sasa zaidi kuliko mwanzo, na kila mkewe alipomwambia kifuko kimevimba kwa hewa na kina uteute ndani, fundi alihesabu siku kwa vidole. Hakuwa ameweka kitu mdomoni. Sasa hicho kilichomo tumboni kinakula nini?

Jibu alikuwa nalo. Suruali ilimwambia, maana alitoboa mkanda tundu jipya mara mbili.

Alhamisi mkewe alitoka mapema kwenda hospitali kuchukua vifuko vya mwezi, safari ya kutwa nzima. Aliacha simu juu ya meza ya kukatia, kifudifudi. Saa nne iliwaka, na mwanga ukachirizika pembeni mwake.

"Habari ya asubuhi. Leo sikufundishi kitu."

Fundi aliinua kichwa. Sauti ilikuwa ile ile, lakini nyuma yake palikuwa na kiti kinachosogezwa, na mtu anayevuta pumzi.

"Nimekaa na picha zako zote. Zote ni moja. Kwenye kona kuna shuka lenye mkunjo, na mkunjo huo haujasogea tangu siku ya kwanza. Shuka la mtu anayelala hukunjamana upya kila siku. Kwa hiyo nauliza. Mtu wa picha hii bado yupo?"

Fundi alijua vitambaa. Alijua hakuna kitambaa duniani kinachojikunja mara mbili kwa namna moja, na alijua ni nini huvishwa shuka ambalo halikunjamani tena. Alisimama akiwa ameshikilia meza.

"Nipo," aliiambia hewa. Hewa haikumjibu. Akaipindua simu, akatafuta kile kidude cha kurekodia alichoonyeshwa siku ya kuruhusiwa, akakibonyeza. "Nipo. Siku tatu sijala, na lenyewe bado linafanya kazi. Nataka kujua linakula nini."

Alingoja. Nguo zilizoning'inia zilitikisika kidogo, na dirisha lilikuwa limefungwa. Simu ikawaka.

"Nimefurahi kukusikia, baba. Halili kitu. Utumbo hutengeneza ute na hewa hata ukiwa mtupu, na ukiwa mtupu ndipo unapopiga kelele zaidi. Hilo ni tumbo lako linakuita. Unaumia wapi?"

"Pembeni yake. Panawaka."

"Nionyeshe."

"Siwezi kulitazama."

Fundi alidhani ameachwa.

"Basi usianze na lako," sauti ilisema. "Una kitu chochote humo ndani chenye tumbo?"

Upande wa pili wa ubao, Mama Redio, aliyekuwa amebandika sikio tangu neno la kwanza, alilikumbatia tumbo lake kwa mikono miwili.

Alitoka nje kwa ncha za vidole mpaka kwenye dirisha la fundi, pale pazia lilipopungua upana wa kiganja. Alichokiona alikisimulia baadaye mara nyingi, na kila mara nywele zilimsimama. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya mwili usio na kichwa. Tumboni mwa mwili ule palichorwa duara kwa chaki, na juu ya duara palibandikwa kifuko. Simu ilikuwa sakafuni, ikitoa mwanga, na yule mwanamke alikuwa akisema kutoka chini:

"Sasa pitisha kidole kwenye nafasi iliyobaki wazi, kati ya chaki na gundi. Je, ni hapo panapowaka?"

Fundi alipitisha kidole. Kilizunguka duara lote bila kugusa gundi, kikarudi kilipoanzia. Akakirudia. Kwenye nguo, ziada huingia ndani ya mshono na haionekani tena, ndiyo inayoshika kila kitu. Hapa hapakuwa na mshono. Aliyeachwa nje kwa nusu kidole, siku zote zile, alikuwa yeye mwenyewe, na mkasi ulikuwa wake.

"Nimekata vibaya," alisema.

Alitaka kusimama. Siku tatu za maji hazimwinui mtu. Alilishika sanamu, sanamu likamfuata, na wote wawili wakaenda chini.

Mama Redio alisimama pale dirishani akiwa na roho mbili. Ya kwanza ilitaka kukimbia. Ya pili ilitaka kujua, na hiyo ndiyo imekuwa ikimlisha na kumvika maisha yake yote. Akasukuma mlango.

Aliliondoa sanamu, akamketisha fundi ukutani. Shati lilikuwa limepanda, na kifuko kilikuwa kimebanduka kama kawaida yake. Mama Redio akaliona. Liliingia ndani polepole, likatulia, likatokeza tena.

"Ndilo hili?" aliuliza kwa sauti ya kanisani.

"Ndilo." Fundi alikuwa amefumba macho, uso ameugeuzia pembeni. "Usiondoke kwanza. Mimi sijawahi kuliona. Likoje?"

Katika maisha yake Mama Redio alikuwa ameulizwa mengi yalivyo, na mara zote aliongeza chumvi. Sasa alijikuta chumvi hana.

"Dogo," alisema. "Mimi nilitegemea lina meno. Ni kama mdomo wa mtoto aliyemaliza kunyonya, jekundu, linang'aa. Ubaya halina. Ubaya uko pembeni, baba, hapa ngozi imetoka yote. Hapa ningekuwa mimi mtaa mzima ungehama kwa kelele."

"Linasogea?"

"Linasogea. Nawe si unasogea? Fungua macho ulione, nimechoka kusimulia."

Fundi alifungua jicho moja, kisha la pili. Alitazama muda mrefu, kichwa ameinamisha, kama anavyotazama kola iliyoshonwa na mtu mwingine.

"Upo?" simu iliuliza kutoka sakafuni.

Mama Redio aliruka, akajishika kifua, akaisogeza ile simu kwa mguu. Fundi alimwonyesha pa kubonyeza.

"Yupo," Mama Redio aliiambia simu, mdomo karibu kabisa na kioo. "Ameanguka lakini yupo. Mimi ni jirani. Na wewe dada, siku nyingine salimia na ukutani."

Kwenye boksi la vifuko mlikuwa na kadi yenye matundu ya kupimia, bado imo kwenye nailoni yake, pamoja na poda ya ngozi iliyochubuka ambayo haikuwa imefunguliwa. Mama Redio alileta birika la maji ya uvuguvugu kutoka kwake. Fundi aliosha mwenyewe, akakausha, akashika kadi. Wiki ya kwanza nesi alimpima tundu la nane. Sasa alikuwa la tano.

"Acha nafasi ya unene wa sarafu tu," sauti ilisema. "Isizidi hapo."

Alikata. Mkasi ulipofika mahali ambapo mkono wake ulitaka kutoka nje kidogo, kama ulivyozoea, aliuzuia, na Mama Redio anasema jasho lilimtoka kwa hilo kuliko kwa kuanguka. Alibandika, akaweka kiganja juu, akakishikilia hapo mpaka gundi ilipopata joto. Kisha, bila kuombwa, alipiga picha, akaituma.

Simu ikawaka.

"Asante," sauti ilisema. "Sasa nimekuona. Ukianza kula, anza na kidogo."

Lakini fundi hakuanza. Mkewe aliporudi jioni na boksi kichwani, alimkuta kifuko kimeshika, poda imekauka, na sahani aliyoiacha mezani imejaa kama alivyoiacha.

"Kwa nini sasa?"

"Leo kimeshika kwa sababu sijala," fundi alisema. "Nikila, kitabanduka tena mbele za watu."

Na habari ilikuwa imekwisha fika mbele za watu. Mke wa fundi alitoka kuanua nguo akakuta uani kote wanajua. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa Mama Redio.

"Umetangaza."

"Nimetangaza."

"Aibu ya mume wangu umeigawa kama karanga."

"Sikiliza, dada. Wiki tatu nimetangaza kwamba mna jini, mkakosa wateja, na nyie mkaniacha. Leo nimetangaza kwamba mzee kakatwa utumbo na ana kifuko tumboni, basi. Kwa la uongo hamkuniletea ugomvi, wa bombani niliuanzisha mwenyewe. La kweli ndilo linakuuma?"

Mke wa fundi alikuwa na uchovu wa wiki tano.

"Hali chakula," alisema. "Siku ya nne kesho. Hali."

Mama Redio aligeuka, akaanza kupima mchele.

Kesho yake mchana alikuja kumchukua fundi kwa mkono, kama anayempeleka mtu kwa mjumbe wa mtaa. Nyumba yake ilikuwa imejaa kama ilivyo siku zote. Palikuwa na mkwe na wajukuu, wale wanawake wa bombani, na mwalimu, aliyeitwa makusudi na kuketishwa mahali asipoweza kukimbia. Wali ulikuwa katikati, unatoa moshi. Mkewe alikuwa amekwisha kaa, hakumtazama, maana aliogopa akimtazama, mume atarudi nyumbani.

Fundi alisimama kizingitini. Alikuwa amevaa shati refu alilojishonea mwenyewe, na kiganja chake kilikuwa juu ya tumbo, chini ya shati, kinapima. Gundi ilikuwa imeshika. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama kwa kujifanya hakimtazami.

Ndipo lilipolia. Lilianza chini, likapanda, likakaa juu muda mrefu kuliko siku ile ya mwalimu, na mle ndani vijiko vyote vilisimama. Mtoto mmoja alishika gauni la mama yake. Fundi alirudisha mguu mmoja nyuma.

Mama Redio alijisogeza kwenye mkeka, akaongeza nafasi, si ya mtu mmoja, ya mtu na nusu. Akapakua wali kwenye sahani, kidogo.

"Sista kasema hilo likilia hivyo lina njaa," alisema. "Basi mwambie mwenzio aache kunung'unika, chakula kinapoa. Ingieni wote wawili, mle."